Baisa Hamsini

Wadi Kabir, nyuma ya karakana za kupaka rangi magari,
palikuwa na duka la Varghese:
soda, kanda, betri, na kule ndani kabisa,
ubavuni mwa friji iliyovuja,
mashine moja ya mbio za magari,
usukani umechunika, kiti kimefungwa kwa tepu.

Muhanna alisema, naye aliambiwa na binamu yake wa Bahla
(na la Bahla nani alibishe?),
kwamba ukicheza baada ya Isha, peke yako,
ukamaliza mzunguko wa saba bila kugusa ukingo,
mashine haikupi alama.
Inakuuliza jina la mama yako.

Si lako. Lako halina kazi.
Sisi tuliolelewa na watu waliotoka Pemba
tulijua anayeuliza jina la mama anatafuta nini.
Tulikuwa na kinga yetu, tukiitamka huku tunasukumana mlangoni:

Ikikuuliza mama,
mtaje jina la paka;
ikikuuliza nyumba,
sema ilishaanguka.

Na waliosema kweli?
Watazame, alisema Muhanna, wale walio kando ya barabara,
wale wa mikono juu.
Unadhani picha? Misukule wale.
Unadhani wanashangilia?
Wanasimamisha gari.

Juni ile Yaqdhan akafa njia ya Nizwa, tairi la mbele.
Alikuwa na miaka kumi na moja na deni langu la pipi.
Matanga hayajaanuliwa, Muhanna akaja mbio:
Nimemwona. Wa tatu kutoka kwenye bango.
Fulana ya njano, bega moja chini.

Nilitumwa mtindi, nikapitia huko.
Miraba minane ya njano, tisa labda,
mmoja wa kahawia ndio uso.
Bega moja chini.
Nilisahau mtindi.

"Huyo mtoto yumo tangu mashine itoke Dubai,"
alisema Varghese, Kiarabu chake kimevunjika kama biskuti.
"Wewe hujazaliwa, yeye yumo."
Alidhani anatuliza mtu.

Nani alimwambia Thuwaiba? Hatujakiri mpaka leo,
na tulikuwa sita.
Alikuja usiku, buibui limejaa vumbi la karakana,
mkononi mfuko wa sarafu za baisa hamsini,
mama yake Yaqdhan, akaketi pale kwenye tepu,
magoti yakagonga chuma.
Akatia sarafu.
Hakushika usukani.
Magari mengine yakaondoka, lake likabaki mstarini,
sekunde sitini, hamsini na tisa,
na wale watu kando ya barabara
wakapunga, wakapunga.
Muda umekwisha.
Akatia nyingine.

Hakulia. Ningependa kusema alilia.
Aliinamia kioo kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mbaya.

Varghese alizima taa ya nje, akashusha shata nusu.
Sarafu zilipomwishia akatoa ufunguo,
akafungua kisanduku cha mashine,
akamrudishia zilezile, kiganja kimejaa,
akatoka kukaa juu ya kreti, mgongo kwetu.
Hivyo hadi saa sita.
Hivyo siku nne.
Ya tano mashine haikuwepo; sakafu ilibaki na mraba safi.
Wengine walisema imeuzwa Bahla. Hilo tulilitunga wenyewe.

Na mimi? Nilicheza mizunguko saba mara moja tu, kabla ya Juni.
Sitasema iliniuliza nini.
Mama yangu yu hai, Alhamdulillahi, ana kisukari
na hasahau kitu isipokuwa jina la mtaa wetu ule.

Sasa ninakaa Mabela. Jana Azzan, miaka tisa,
kajilaza chini ya kiyoyozi, simu tumboni:
"Mama, jina lako kamili nani? Gemu linauliza."
Mikono yangu ilikuwa na unga hadi viwiko.
Nikamtajia la paka.

"Lakini hatuna paka," akasema,
huku anaandika.